Mpini wa Mkono wa Kushoto

Mtu asije akanifundisha habari za adabu. Adabu naijua, nimelelewa nayo, na hapa Msimbu hakuna mtoto anayepita mbele ya banda langu bila kuniamkia. Lakini ipo adabu, na upo ujinga uliovalishwa kanzu ukaitwa adabu, na huo wa pili nikiuona damu inanichemka. Mwaka huu nimeuona kwa macho yangu mawili. Ulikuja mpaka bandani kwangu, ukakaa kwenye kigoda changu, ukanywa na chai yangu ya tangawizi.

Naitwa Tunu binti Pazi, fundi wa mipini. Baba yangu alikuwa mchongaji, na alipokufa tezo na patasi zake nilichukua mimi, kwa sababu kaka zangu waliona kazi ya mti ni ya kishamba. Nachonga mipini ya majembe, ya visu, ya mapanga, nachonga miko na mbuzi za kukunia nazi. Kitu chochote kinachoshikwa na mkono wa mtu, niletee, nitakitia mti ukae. Wanawake wa hapa walinicheka nilipoanza. Siku hizi wanakuja na visu vyao vilivyong'oka mipini, na wananibembeleza.

Basi siku hiyo likasimama gari nje, akashuka mzee mmoja kutoka Misugusugu, kule Kibaha. Mzee Castory. Mtu wa bara, mstaafu wa serikali, suti ya kaunda imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikamwamkia, maana kanizidi umri. Akaitikia vizuri, akaketi, akaweka kisanduku mapajani, akakifungua.

Mtume! Bastola!

"Mzee," nikamwambia huku narudi nyuma, "hapa kwangu pana wajukuu na kuku. Balaa sitaki."

Akacheka. Akanionyesha leseni yake, akanionyesha kwamba ndani hamna hata risasi moja, akaniambia polisi wa wilaya wanamjua yeye na chuma chake. Ndiyo hapo nikatazama vizuri. Bastola yenyewe ilikuwa haina mpini. Mahali pa kushika palikuwa chuma kitupu, fremu na vitundu vya skrubu.

Akanieleza. Yeye ni mwenyekiti wa klabu ya kulenga shabaha, uwanja wao uko upande wa Magindu, mbali na nyumba za watu. Bastola hii ni ya mashindano. Fremu yake ilitengenezwa kwa kuagizwa, fundi wa silaha mwenye kibali akaifanya nene kuliko za kawaida ili isitetemeke, na sasa hakuna mpini wa dukani unaoingia. Amezunguka Dar yote. Mtu mmoja akamwambia, nenda Kisarawe, yuko mama mmoja huko mkorofi lakini mkono wake si wa mchezo.

"Aliyekwambia mkorofi ni nani?" nikamuuliza.

"Mama, tuendelee na kazi," akasema.

Mpini haukuwa wake. Ulikuwa wa binti aliyesimama nyuma yake, kajifunga mtandio, mikono ameikunja mbele kama yuko kwa wakwe. Shamsia. Anafanya kazi ya ukarani Kibaha, lakini kwao ni huku huku Kisarawe. Mzee Castory akaniambia kwamba mkoa unatafuta mwanamke mmoja tu wa kwenda mashindano ya taifa, mchujo uko karibu, na huyu binti ameshashindwa mara mbili, kila mara kwa kidogo sana. Safari hii ndiyo ya mwisho. Akishindwa, klabu itamweka kando, imfundishe mwingine.

"Mimi nampenda kama mwanangu," akasema. "Ndiyo maana nimemtolea bastola yangu mwenyewe." Na wallahi nilimwamini. Hata leo namwamini. Hilo ndilo linaloniuma.

Sasa mimi mkono wa mtu siupimi kwa futi. Nakanda unga wa muhogo ukaze, nakupa donge, nakwambia minya kama unavyoshika kazi yako. Hapo vidole vyote vinaacha alama, kila kimoja na kitako chake, na mimi nachonga kwa kufuata donge. Nikamkandia Shamsia donge, nikamnyooshea. Akalipokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko, kwa heshima kabisa, akaminya. Nikasema moyoni, huyu kafundwa.

Nikatoa kipande cha mpingo cha marehemu baba. Kilikuwa juu ya dari tangu enzi zake, kimekauka, kinalia kama kengele ukikigonga. Nilikuwa sijapata kazi ya kukistahili. Nikakikata nusu, nusu moja nikairudisha darini, nyingine nikaipasua vibao viwili, kimoja cha upande huu wa chuma, kimoja cha upande ule.

Kazi ya kuvalisha mti kwenye chuma haina haraka. Napaka masizi ya kibatari kwenye chuma, nagandamiza kibao, nakiondoa, natazama. Palipoingia weusi ndipo palipogusa, basi naparuza hapo hapo kidogo tu, napaka tena, nagandamiza tena. Mpingo nao ni mweusi, kwa hiyo natazama kwa kupindisha kwenye jua, masizi hayang'ai na mti unang'aa. Ukiparuza kidogo kupita kiasi umeharibu, mti haurudi. Unafanya hivyo mpaka masizi yaguse kila mahali sawasawa. Mzee Castory alikaa hapo siku zote za kazi, kwa sababu bastola haikai bila yeye. Hata akienda msalani anaenda nayo kisandukuni. Nikampenda kwa hilo.

Na alikuwa na maneno. Ndiyo katika maneno yake akanieleza sheria ya uwanja wake. Kwake hakuna mtu anayeokota bastola mezani. Inatoka mkononi mwake inaingia mkononi mwako, ana kwa ana, mdomo wa bastola umeelekea kwenye shabaha. "Na ikishaingia mkononi haihamishwi," akasema, akinyanyua kidole. "Mkono uliopokea ndio huo huo unaopiga. Nimeona watu wakihamisha bastola mkono huu kwenda ule, ikafyatuka, mtu akaumia. Kwangu bastola haihamishwi mkono."

Nikamwambia, hapo mzee umesema la maana. Nikamsifu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu!

Mpini ukakamilika. Nikaupiga msasa, nikaupaka mafuta ya nazi, nikakaza skrubu. Shamsia aliombewa ruhusa kazini akaja kuujaribu. Akaushika. Vidole vikaingia kila kimoja mahali pake, kama donge lilivyosema. Mzee akapiga makofi. Mimi sikupiga. Kuna kitu hakikunipendeza. Mti ulikuwa umekaa vizuri, ila mkono wenyewe ulikaa kama mgeni aliyekaribishwa kitandani, hajui aegemee au asiegemee.

Simu ya mzee ikalia, akatoka nayo barabarani, bastola kairudisha kisandukuni, kisanduku kwapani. Tukabaki sisi wawili. Donge lile la muhogo lilikuwa limebaki mwisho wa meza, na kuku wangu mmoja mwenye tabia mbaya akaruka juu akaanza kulidonoa. Nikasema "Shh!" hakusikia. Shamsia akainama, akaokota kijiti, akamrushia. Palikuwa mbali, na kati yetu pana jiliwa langu la kubania mbao na mipini imening'inia. Kijiti kikapita katikati ya vyote hivyo kikampata kuku kwenye paja, pah! Kuku akatoka mbio akilalamika mtaa mzima.

"We mtoto!" nikasema. "Umerusha kwa mkono gani?"

Akauficha nyuma. "Samahani, mama."

"Samahani ya nini? Kuku nitamwomba radhi mimi. Mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Unaandika kwa upi?"

"Kulia. Shule ya msingi walinichapa mpaka nikauacha wa kushoto."

"Nazi unakuna kwa upi?"

"Kushoto," akasema, halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "nikiwa peke yangu."

"Na bastola?"

Akatazama mlangoni kuona kama mzee anarudi. Kisha akaniambia yote. Kuna siku mzee Castory aliugua, uwanja ukasimamiwa na mwingine ambaye hana hizo sheria, bastola ziko mezani, kila mtu achukue yake. Shamsia akachukua kwa mkono wa kushoto. "Mama," akaniambia, na uso ukamfunguka kwa mara ya kwanza tangu nimjue, "siku ile sikukosa. Nilikuwa naona katikati ya shabaha inanijia yenyewe."

"Sasa mbona unapiga kwa kulia, mwanangu? Nani kakuroga?"

"Mzee anatukabidhi mkononi. Nitampokeaje mtu mzima kwa mkono wa kushoto? Baba akisikia, nyumbani nitakaa wapi?"

"Na mimi? Mimi nilikuambia minya donge, kwa nini hukuminya kwa mkono wako wa kazi?"

Akanitazama, anashangaa kwamba naweza kuuliza swali kama hilo. "Ulinipa unga, mama. Unga si chakula? Na wewe mkubwa wangu."

Lahaula! Nilikaa chini. Mpingo wa baba yangu! Nimeparuza, nimepaka masizi, macho yameniuma, nimechonga mpini mzuri kuliko mipini yote niliyochonga maishani, na nimeuchonga kwa mkono usio wake. Heshima ndiyo iliyonipa mkono wa uongo. Na ningefanya nini? Hata mimi, binti angenipokea donge la unga kwa kushoto, ningekunja uso kwanza kabla ya kuuliza. Lakini mimi ningeuliza! Huyu mzee amekaa na binti miaka, anamwona anashindwa kwa unywele mmoja, anamwita mwanangu, na hajauliza hata siku moja.

Mzee akarudi, akafungua kisanduku mezani, anatabasamu. "Bi Tunu, kazi nzuri. Tufunge?"

"Hatufungi," nikasema. "Mpini huu wa kulia, na huyu binti ana shoto. Nachonga mwingine."

Akamtazama Shamsia. Shamsia akatazama vidole vya miguu yake.

"Mimi na yeye tulishaelewana, ni wa kulia," akasema mzee.

"Mlielewana lini? Ulimuuliza?"

"Sikumkataza."

"Hukumkataza! Sasa nakuuliza mbele yake. Akikunyooshea mkono wa kushoto pale uwanjani, utampa bastola?"

Akarekebisha kola. "Bi Tunu, wewe ni mtu mzima mwenzangu. Mimi na mvi hizi, mbele ya watu, mbele ya wageni wa mkoa, mtoto wa kike anipokee kwa mkono wa..." Akashindwa kumalizia.

"Wa chooni!" nikammalizia. "Sema tu, unaona haya ya nini? Kwani anakupakulia ugali? Anakulisha tonge? Ni chuma, mzee! Chuma cha kutoboa karatasi!"

"Adabu ni adabu," akasema.

"Basi akose?"

"Akikosa, amekosa," akasema mzee Castory, mtu anayempenda kama mwanawe. "Mashindano yapo kila mwaka. Heshima ikitoka hairudi."

Hapo nikapandwa na mori. Nikachukua bisibisi, nikafungua zile skrubu mbele ya macho yake, nikavitoa vibao vyangu, nikavibana kwenye jiliwa, nikashika msumeno. Akapiga kelele, "Mama, unafanya nini?" Nikakata. Cha kwanza kikawa viwili, cha pili kikawa viwili. Roho iliniuma mpaka machozi yakanitoka, lakini nilikata.

"Hivi sasa ni vishikio vya mifuniko ya sufuria," nikamwambia. "Vitashikwa kwa mkono wowote. Haya, nenda kamtafute fundi wa adabu."

Akaondoka hakuniaga. Na Shamsia, kabla ya kupanda gari, akanigeukia. Nilidhani atanishukuru. Macho yamemjaa, akasema, "Mama, umeniharibia. Angalau nilikuwa na nusu ya nafasi. Sasa sina hata bastola."

Hilo lilinichoma kuliko msumeno. Nililala nalo, nikaamka nalo. Nikajiambia, Tunu, hasira zako zimemkosesha mtoto wa watu. Halafu nikikumbuka yule mzee na kola yake, hasira zinarudi upya, nakwenda kupasua kuni zisizohitajika.

Lakini fremu ile nene ilikuwa upande wangu. Mzee alikwenda Dar, alikwenda kwa maseremala wa Kibaha, mmoja akamtilia ubao laini ukapasuka skrubu ilipokazwa, mwingine aliposikia neno bastola akafunga duka. Mchujo unakaribia, na yeye ameshawatangazia wanachama kwamba silaha yake mpya itaonekana siku hiyo. Basi asubuhi moja gari likasimama tena.

Sikumwamkia. Akangoja. Nikaendelea kuparuza mwiko wangu.

"Leo huniamkii, Bi Tunu?"

"Shikamoo natoa kwa mtu anayejua thamani yake."

Akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, akafungua kisanduku. "Chonga unavyotaka," akasema. "Wa kushoto, wa mguu, wowote. Lakini nakuambia kabisa, sheria yangu ipo palepale. Na mimi mkono wa kushoto siupi bastola. Atajua mwenyewe."

"Atapokeaje kwa kulia na mpini ni wa kushoto, na wewe umekataza kuhamisha?"

"Atajua mwenyewe," akarudia.

Mnaona mtu alivyo? Mlango kaufungua, kizingiti kakipandisha mpaka kifuani!

Nikampigia simu Shamsia, akaja akiwa bado amenuna. Nikakanda donge jipya. Safari hii sikumpa mkononi. Nililiweka juu ya kigogo, nikampa mgongo, nikamwambia, "Mimi sioni, wala muhogo si chakula leo, ni udongo. Shika unavyoshika ukiwa peke yako." Nilipogeuka, nilikuta donge limeshikwa kisawasawa. Alama zimezama, kidole gumba kimelala mahali pake bila wasiwasi, hakuna pa kubahatisha. Mkono ule wa kwanza ulikuwa umeligusa donge tu. Huu uliliamuru.

Nusu ya pili ya mpingo wa baba ikaingia kazini. Masizi, gandamiza, paruza, tena na tena, na mzee amekaa pale, chai hataki. Nilipomaliza alitaka kuujaribu kwa mkono wake wa kulia. Ukamkataa, gumba halina pa kukaa. Akaurudisha kisandukuni haraka akaufungia mpaka siku yenyewe. Shamsia aliushika mara moja tu, nilipoupima.

"Sasa siku hiyo nifanyeje, mama?" akaniuliza wakati wa kuondoka.

"Kazi ya mti nimemaliza," nikamjibu. "Iliyobaki ni ya kwako. Ila ujue jambo moja. Adabu yako sijaiona mkononi mwako hata siku moja. Nimeisikia mdomoni mwako."

Siku ya mchujo nilijifunga kitenge changu kizuri, nikaenda. Kutoka Msimbu mpaka Magindu ni safari ya kujuta, vumbi mpaka masikioni, lakini ningekosaje? Uwanja wao ni pori lililofyekwa, tuta la udongo mwisho, bendera nyekundu, na wafugaji wameambiwa siku hiyo ng'ombe wapite mbali. Wageni wa mkoa wameketi chini ya turubai. Nami nikaketi pembeni, nimeziba masikio kwa pamba waliyotugawia.

Wanawake walikuwa wachache, na mmoja wao, Eugenia, alipiga vizuri kweli. Karatasi yake iliposhushwa watu waliguna kwa sifa. 

Wakamwita Shamsia. Akasogea kwenye mstari. Mzee Castory akafungua kisanduku, akaitoa bastola yake mpya, mpingo unang'aa juani, watu wakanyoosha shingo. Akaielekeza kwenye tuta kama sheria inavyotaka, akamnyooshea upande wa mpini. Akasimama hivyo, uso mkavu, anangoja mkono wa kulia.

Mkono wa kulia wa Shamsia ukaanza kutoka. Niliuona! Miaka yote ile ya kuchapwa ilikuwa inausukuma. Nikashika mbao za benchi nisipige kelele. Ukasimama katikati, ukarudi kando ya paja lake. Akapiga goti kidogo, kama binti wa kwetu anavyofanya, akasema kwa sauti tulivu iliyopenya mpaka sisi wa pembeni tukaisikia ndani ya pamba zetu.

"Shikamoo, baba."

Na huku anasema hivyo, mkono wa kushoto ukanyooka.

Sasa niambieni. Mtu mzima ameamkiwa mbele za watu, kwa goti, kwa heshima zote. Anaweza kunyamaza? Akinyamaza, asiye na adabu ni nani? Mzee Castory alibaki pale, bastola bado kaishika. Wageni wa mkoa wanatazama. Aliutazama ule mkono, akautazama uso wa mtoto uliomwinamia, akatafuta pa kutokea hakupaona.

"Marahaba," akasema.

Na neno lilipomtoka, vidole navyo vikalegea. Bastola ikaingia mkononi, gumba likalala mahali nilipolichongea.

Sitawachosha na milio. Karatasi yake ilipoletwa, matundu yote yalikuwa katikati, ungeyafunika kwa kizibo cha soda. Eugenia mwenyewe alikwenda akamkumbatia. Wakatangaza jina la Shamsia, na mimi nikapiga kigelegele mpaka pamba ikanitoka sikioni.

Ingeishia hapo ningerudi kwangu na moyo mweupe. Lakini mzee Castory akasimama kutoa neno la shukrani! Kisanduku cha bastola mkono wa kulia, kifua mbele. Akawaambia wageni wa mkoa kwamba yeye, kama mwalimu, aligundua mapema kipaji cha kipekee cha binti huyu katika mkono wa kushoto. Kwamba aliamua, kinyume na mila, kumtengenezea mpini maalumu. Kwamba klabu yake haiwabagui watu wa shoto. Khaa! Watu wanapiga makofi! Nikanyanyuka pale benchini, nimeshafungua mdomo, neno la kwanza liko kwenye ulimi, na halikuwa neno la kusema mbele ya wageni.

Kabla halijatoka, mzee akamwita Shamsia mbele. Na ili kila mwenye simu apige picha, akamnyooshea mkono wa pongezi. Wa kushoto. Anatabasamu huyo, mkono wa kushoto hewani, ule ule wa chooni!

Shamsia akautazama. Akaurudisha wake wa kushoto nyuma, mgongoni, akanyoosha wa kulia.

"Hapana, baba," akasema, bila kelele, bila dharau. "Mkubwa anapewa mkono wa kulia. Mimi adabu ninayo. Nilikuwa nayo siku zote."

Makofi yakafifia. Mzee akabaki na mkono wake hewani, hana pa kuupeleka. Wa kulia una kisanduku, wa kushoto umekataliwa. Simu zote zimemwelekea.

"Mzee!" nikamwita kutoka benchini, maana sikuweza tena. "Si ulisema kwako bastola haihamishwi mkono?"

Watu wakacheka, hata mgeni mmoja wa mkoa akajificha nyuma ya karatasi. Mzee Castory akakihamisha kisanduku kwenye mkono wa kushoto, akampa Shamsia mkono wa kulia.